Kutoka Uji wa Shayiri Hadi Unga wa Mkebe: Historia ya Dawa za Misuli Iliyochoka



Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapoingia mitaani mwetu, vitu viwili hujaa kwa pamoja: misikiti na viwanja. Taraweh ikisha, vijana huvaa njumu wakacheza mpira chini ya taa hadi daku inakaribia. Wengine huingia jimu, wale waliokaa mwaka mzima bila kunyanyua hata ndoo, wakaamua kwamba mwezi huu ndio wa kupunguza tumbo. Usiku wa kwanza huwa raha tupu. Kesho yake si mbaya. Keshokutwa ndiyo kasheshe: rukuu ni kazi, kuinuka kwenye sijda ni kwa kushika magoti, na ngazi za nyumbani zimekuwa mlima.

Hapo ndipo rafiki huja na ushauri. "Wewe huna unga, ndiyo maana waumia." Si ule unga wa haramu uliotumalizia vijana wa Pwani, Mwenyezi Mungu atuepushe nao. Ni unga wa mkebe: protini, kreatini, vitamini za vidonge, na makopo yenye picha ya mtu ambaye mkono wake ni mnene kuliko paja lako. Mkebe mmoja huweza kula pesa za futari ya nyumba nzima kwa siku kadhaa.

Je, unga huu waondoa kweli uchungu wa misuli? Nani alianza kusema hivyo, na lini? Tukiifuata historia yake tutaona kwamba biashara hii ni kongwe kuliko jimu zote, na kwamba kila zama ilikuwa na mkebe wake.

SHAYIRI NA MAJIVU

Tuanze na Warumi. Walikuwa na wapiganaji wa kulipwa walioumizana mbele ya halaiki ya watu, na waliowamiliki walitumia mali nyingi kuwalisha ili warudi uwanjani upesi. Mwandishi Pliny, aliyekufa mwaka wa 79, asema watu waliwaita wapiganaji hao kwa jina la utani, wala shayiri. Aeleza pia kwamba baada ya pambano walipewa kinywaji cha majivu. Naam, majivu ya jikoni, yakakorogwa na maji yakanywewa.

Kwa muda mrefu watu walidhani hiyo ni hadithi tu. Mwaka wa 1993 yakapatikana makaburi ya wapiganaji hao huko Ephesus, nchini Uturuki. Wataalamu wa Austria na Uswizi wakaipima mifupa, na mwaka wa 2014 wakatangaza matokeo yao. Chakula cha watu hao kilikuwa zaidi nafaka na kunde, na ndani ya mifupa yao mlikuwa na madini ya strontiamu kwa kiwango kikubwa, takriban mara mbili ya watu wa kawaida wa mji ule ule. Wataalamu wakaona kuwa jambo hilo laafikiana na habari ya kinywaji cha majivu. Kwa hiyo kinywaji cha baada ya mazoezi hakikuzaliwa Marekani. Kina karibu miaka elfu mbili.

Wapiganaji wa Pergamon, mji usio mbali sana na hapo, walikuwa na daktari wao kuanzia mwaka wa 157. Huyo ni Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Hakukipenda chakula chao. Aliona kunde na shayiri zawafanya nyama tepetepe. Lakini alilolifanya la maana zaidi ni kukaa akachunguza uchovu wenyewe, akaugawa mafungu. Hapo ndipo mabingwa wa Kiislamu walipokuja kuchukua kijiti.

IBN SINA NA AINA ZA UCHOVU

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara mwaka wa 980 na kufariki Hamadhan mwaka wa 1037. Kitabu chake, Al-Qanun fi al-Tibb, kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka. Wengi wetu twalijua jina lake tu. Wachache wajua kwamba katika juzuu ya kwanza ana milango kamili juu ya mazoezi ya mwili na uchovu unaofuata.

Akiendeleza kazi ya Galen, Ibn Sina alitaja aina tatu kubwa za uchovu. Kuna ule ambao mtu ahisi kana kwamba ana vidonda, akiguswa tu aruka. Kuna ule wa kuvutwa, mwili wakaza kama kamba. Na kuna ule wa uvimbe, viungo vyapata moto na kujaa. Yeyote aliyecheza dakika tisini bila ya mazoezi ya kutosha atazitambua zote tatu bila kufundishwa.

Na tiba yake? Hakuna poda. Alihimiza mapumziko, maji ya vuguvugu, chakula chepesi, na kukandwa polepole kwa mafuta baada ya zoezi, kukanda ambako shabaha yake ni kuurudisha mwili mahali pake. Alieleza kuwa kuna mabaki yanayosalia ndani ya misuli, na kwamba kukanda huyatawanya. Hilo la mabaki halikuwa sahihi, na tutaona kuwa Wazungu walikuja kulirudia kwa jina jengine miaka mia tisa baadaye. Ama mafuta na kukandwa, bibi zetu wa Lamu hadi Vanga hawakuhitaji kusoma Qanun ili kuyajua.

SUPU ILIYOTIWA KWENYE KOPO

Sasa turuke hadi karne ya 19, maana hapo ndipo biashara ilipopamba moto. Mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alikuwa na nadharia kwamba misuli ikifanya kazi hujichoma yenyewe. Yaani ukikimbia, unakula nyama ya mwili wako. Basi ikiwa ni hivyo, dawa ni moja: rudisha nyama. Mwaka wa 1847 akaeleza namna ya kuchemsha nyama hadi ibaki rojo nyeusi, na mwaka wa 1865 kampuni yenye jina lake ikaanza kuitengeneza huko Fray Bentos, nchini Uruguay, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakichinjwa kwa ajili ya ngozi na nyama yatupwa. Kilo moja ya rojo ilihitaji karibu kilo 30 za nyama. Ikauzwa dunia nzima kama nguvu ndani ya kopo.

Ajabu ni kuwa mwaka ule ule wa 1865 nadharia ile ilivunjwa. Wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, walipanda mlima Faulhorn nchini Uswizi, mwinuko wa karibu mita 2,000, na tangu siku iliyotangulia hawakula protini yoyote. Wanga, mafuta na sukari tu. Mkojo wao wote wakauhifadhi na kuupima. Wakakuta kwamba protini iliyochomwa mwilini haikutosha hata nusu ya kazi ya kuwapandisha mlimani. Maana yake nguvu ilitoka kwenye wanga na mafuta, si kwa kuila misuli.

Je, biashara ilikufa? Hasha. Ikajulikana pia kwamba rojo lenyewe lina ladha na chumvichumvi lakini protini ni haba, na bado likauzwa. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Oxo, na katika mbio za marathoni za Olimpiki ya London mwaka wa 1908 Oxo ndiyo iliyopewa kazi ya kuwahudumia wakimbiaji kwa vinywaji na chakula. Huo ni ushahidi wa kwanza wa jambo litakalojirudia katika kisa hiki chote: sayansi yaweza kuanguka na tangazo likabaki limesimama.

Tusisahau pia kwamba miaka minne nyuma, huko St. Louis mwaka wa 1904, Thomas Hicks alishinda marathoni akiwa amepewa njiani ute wa yai, brandi na strikinini, ambayo ni sumu ya kuulia panya. Alifika akiwa nusu mfu. Kila kilichoitwa "cha kuongeza nguvu" hakikuwa cha heri.

KIDOLE CHA BOSTON

Mpaka hapo hakuna aliyeuliza swali dogo: kwa nini uchungu haupati mtu papo hapo, bali wangoja hadi kesho yake? Aliyeuliza ni Theodore Hough, mwalimu wa chuo kimoja cha teknolojia mjini Boston. Mwaka wa 1902 alichapisha utafiti ambao watu walifungwa kidole kwenye chombo, wakakivuta mara nyingi hadi kikachoka. Akaona uchungu ni wa namna mbili. Mmoja huja pale pale ukaondoka. Wa pili huanza baada ya saa nane au kumi hivi, na humpata zaidi yule asiyezoea. Hough akasema huu wa pili hautokani na uchafu wowote uliosalia, bali kuna kitu kimechanika ndani ya msuli.

Alisema kweli, lakini dunia ilikuwa yasikiliza kwengine. Mwaka wa 1907, Fletcher na Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba msuli wa chura ukichoka hujaa asidi laktiki. Baadaye A. V. Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani wakapewa tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1922 kwa kazi yao juu ya misuli. Kazi yao ilikuwa kubwa na ya haki, ila watu wa viwanjani waliichukua wakaigeuza: ikawa kila uchungu ni "asidi". Hadi leo utamsikia kocha akisema, kimbia polepole utoe asidi. Yale mabaki ya wazee wa kale yalikuwa yamerudi kwa koti jipya.

Aliyeyazika ni Schwane na wenzake nchini Marekani mwaka wa 1983, kwa jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la nane atalielewa. Watu walikimbia dakika 45 kwenye mashine. Siku moja mashine ilikuwa sawa, siku nyengine imeinamishwa kama wanateremka mlima. Walipokimbia sawa, asidi ilipanda kwenye damu, na hawakuumwa. Walipoteremka, asidi haikupanda, na siku mbili baadaye wakaumwa sana. Kesi ikaisha. Isitoshe, asidi hiyo huondoka katika damu muda wa saa moja hivi, sasa vipi ikuumize keshokutwa?

Wakati huo huo nchini Sweden, Jan Fridén na wenzake walichukua vipande vidogo vya misuli ya miguu ya watu walioteremka ngazi mara nyingi, wakavitazama kwa darubini kali. Wakaona ile mistari inayoziunganisha nyuzi za msuli imevurugika na kukatika. Hough alikuwa sahihi, miaka themanini kabla.

Kwa ufupi basi, mambo huenda hivi. Msuli unaporefuka huku umebeba mzigo, kama kuteremka, kutua baada ya kuruka, au kushusha chuma taratibu, nyuzi zake chache huvurugika. Saa chache baadaye mwili hutuma askari wake wa damu kusafisha na kujenga, na kazi hiyo ndiyo iletayo joto, kukakamaa na uchungu, unaofika kilele baada ya siku moja hadi tatu. Kisha msuli hupona na kuwa imara kuliko ulivyokuwa. Zoezi lile lile ukilirudia baada ya wiki mbili, huumwi kama mara ya kwanza. Kinga bora ya uchungu wa misuli, kwa hiyo, ni kuanza kidogo kidogo. Lakini nani atakuuzia "kidogo kidogo" kwenye mkebe?

MKEBE WAZALIWA

Unga wa protini wenyewe ulianza na maziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na unga uitwao Plasmon, na mtunisha misuli mashuhuri wa zama zile, Eugen Sandow, aliupigia debe. Mwandishi Mark Twain alitia pesa zake katika biashara hiyo, na pesa zikapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bob Hoffman wa York, Pennsylvania, akaanza kuuza unga wa soya kwa wanyanyua vyuma. Kisha viwanda vya jibini vikagundua kwamba maji yanayobaki maziwa yakigandishwa, ambayo zamani yalimwagwa au kupewa nguruwe, yaweza kuchujwa na kukaushwa. Huo ndio unga unaoujaza mkebe wa leo. Si sumu na si miujiza. Ni maziwa yaliyopunguzwa.

Kreatini nayo ina kisa chake. Mfaransa Chevreul aliigundua ndani ya nyama mwaka wa 1832. Mwaka wa 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba mtu akiimeza, huongezeka ndani ya misuli. Mwaka huo huo, baada ya Olimpiki ya Barcelona, magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba bingwa wa mita 100, Linford Christie, na wenzake waliitumia. Tangu hapo haikushikika. Kwa kazi ya nguvu za haraka, kama kunyanyua na mbio fupi, imethibiti kusaidia. Kwa kuondoa uchungu wa kesho, ushahidi wake ni dhaifu.

Mwaka wa 1994 Marekani ikapitisha sheria iliyolegeza kamba: viongeza-lishe viliweza kuuzwa bila ya serikali kuvipima kwanza kama dawa zinavyopimwa. Soko likafurika, na mafuriko hayo yakatufikia hadi huku kwetu.

VITAMINI ZILIZOPIGA BAO UPANDE WAKE

Sasa tufike mahali ambapo historia hii yashangaza kuliko kwengine kote.

Mwaka wa 1982 watafiti wa California walionyesha kwamba misuli ya panya waliokimbia hadi kuchoka hutoa kwa wingi chembe korofi, zile zinazoharibu seli mfano wa kutu kwenye bati. Watu wakasema, basi dawa imepatikana! Tuwape wanamichezo vitamini C na E, zinazozuia kutu hiyo. Kwa miaka ishirini na zaidi vidonge hivyo viliuzwa kwa hoja hiyo, na hoja ilikuwa tamu kweli. Vitamini C ni kitu chema, aliyeigundua alipata Nobel mwaka wa 1937, na anayeikosa huugua. Sasa zaidi yake itadhuru vipi?

Mwaka wa 2008 watafiti wa Valencia, Uhispania, waliwapa watu gramu moja ya vitamini C kila siku huku wakifanya mazoezi, na panya pia wakapewa vitamini hiyo. Kwa wale panya wakaona vitamini ilizuia mwili kujenga vile viwanda vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya misuli, ambavyo ndivyo hasa matunda ya mazoezi. Mwaka wa 2009 Michael Ristow na wenzake huko Jena, Ujerumani, wakachapisha la kwao: waliofanya mazoezi bila vidonge, miili yao ikaboreka katika kuitumia sukari, na waliomeza vitamini C na E hawakuipata faida hiyo. Ikabainika kuwa zile chembe korofi, kwa kiasi chake, ni wajumbe. Huuambia mwili: hapa pamebomoka, jenga imara zaidi. Ukimnyamazisha mjumbe, fundi haji.

Na uchungu je, angalau ulipungua? Mwaka wa 2017 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 50 zenye washiriki 1,089, zote juu ya antioksidanti na uchungu wa misuli. Jibu lao: tofauti iliyopatikana ni ndogo mno kiasi kwamba mtu mwenyewe hawezi kuihisi. Fikiria pesa zilizotumika.

Msomaji asielewe vibaya. Chungwa, embe, ukwaju na pilipili mboga si vidonge. Kula matunda hakujazuia faida ya mazoezi ya mtu. Linalozungumzwa ni dozi kubwa za mkebe.

VICHACHE VILIVYOSIMAMA

Insafu yatutaka tutaje pia vilivyofaulu, walau kwa kiasi.

Mwaka wa 2004 zilitolewa habari za makuruti 387 wa jeshi la majini la Marekani waliofuatiliwa kwa siku 54 za mafunzo makali. Waliopewa protini kidogo baada ya zoezi walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao, na matatizo yao ya misuli na viungo yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Lakini hao ni watu waliokuwa wakikamuliwa kutwa kucha. Kwa mtu wa kawaida anayekula vizuri, tafiti nyingi hazikuona protini ya ziada ikiondoa uchungu. Kazi yake ni kumpa fundi matofali; haizimi maumivu.

Juisi ya cheri chungu ilijaribiwa kwa wakimbiaji 20 wa marathoni ya London ya mwaka wa 2008. Walioinywa siku tano kabla, siku yenyewe na siku mbili baadaye, nguvu zao zilirudi upesi zaidi, ila kuumwa kwao hakukuwa na tofauti kubwa. Cheri kwetu ni adimu. Tangawizi je? Mwaka wa 2010, watafiti wa Georgia, Marekani, walitangaza kwamba gramu 2 za tangawizi kwa siku, kwa siku 11 mfululizo, zilipunguza uchungu wa misuli ya mkono kwa karibu robo. Si maajabu, lakini yapatikana sokoni kwa shilingi chache, na chai ya tangawizi haikumfilisi mtu.

KILICHOMO NDANI YA MKEBE

Kuna hatari tatu ambazo kijana lazima azijue.

Ya kwanza ni kisichoandikwa. Kati ya mwaka wa 2000 na 2001, maabara ya Cologne, Ujerumani, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilinunua viongeza-lishe 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, karibu asilimia 15, zilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Kwa mwanariadha maana yake ni kufungiwa, kwani sheria za michezo humhesabu yeye mwenyewe kuwa na dhima ya kila kinachopatikana mwilini mwake. Kenya tunalijua jeraha hilo. Ilibidi bunge lipitishe sheria mwaka wa 2016 iliyounda shirika la kupambana na dawa hizo. "Sikujua" si utetezi.

Ya pili yatuhusu sisi Waislamu hasa. Vidonge vingi vya ganda laini na kapsuli hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini yaweza kutoka kwa nguruwe, au kwa ng'ombe asiyejulikana alichinjwa vipi, au kwa samaki. Unga wa maziwa hutokana na jibini, na jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho chaweza kutoka tumboni mwa mnyama. Kreatini ya dukani, kinyume na wengi wanavyodhani, hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, si kwa nyama. Basi soma kibandiko, tafuta alama ya halali, na palipo na shaka waulize wanavyuoni wetu kabla ya kumeza.

Ya tatu ni kudhani kila uchungu ni wa kawaida. Mwaka wa 1941 madaktari wa London walieleza ugonjwa wa watu waliofukiwa na vifusi vya mabomu: misuli iliyopondwa ilimwaga vitu vyake kwenye damu, figo zikafa. Ugonjwa huo huo humpata mtu anayejilazimisha mazoezi makali asiyoyazoea, hasa akiwa na joto na upungufu wa maji. Dalili zake ni uchungu usio wa kawaida, misuli kuvimba, udhaifu, na mkojo wa rangi ya chai nyeusi au soda ya kola. Ukiona hivyo, usitafute unga, usitafute mkandaji. Kimbia hospitali usiku huo huo.

SAHANI YA KAPTAGAT

Katika historia yote hii kuna ukurasa mmoja ulioandikwa Kenya. Vincent Onywera na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji 10 wa hali ya juu kwa siku saba katika kambi ya Bonde la Ufa, wakipima kila kilichoingia mdomoni. Utafiti ulichapishwa mwaka wa 2004. Wanga ulikuwa asilimia 76.5 ya nishati yao, mafuta 13.4 na protini 10.1. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nishati yote. Walikunywa maji, na chai ya maziwa yenye sukari kwa wingi. Protini yao ilifika gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito, kiasi cha kumtosha mkimbiaji. Na viongeza-lishe? Hawakutumia hata kimoja.

Sisemi kwamba chai na ugali ndivyo vilivyowapa medali. Mazoezi, mwinuko wa ardhi na kulala mapema vina hisa yao. Lakini wakati makampuni ya ng'ambo yanamwambia kijana wa Kisauni au Majengo kwamba bila mkebe misuli haitapona, mabingwa wa dunia walikuwa wanapona kwa sufuria.

KWA ALIYEFUNGA

Mfungaji ana swali lake: nitapona vipi na mchana sili? Historia ina jibu la kutia moyo. Februari 1995 ilikuwa karibu yote ndani ya Ramadhani, na Hakeem Olajuwon wa Houston alicheza mpira wa kikapu akiwa amefunga. Mwezi huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi ya NBA. Olimpiki ya London ya mwaka wa 2012 nayo iliangukia Ramadhani, na wanamichezo wa Kiislamu waliamua kwa njia tofauti, kila mmoja kwa hali yake na rukhsa yake.

Kwa kijana wetu wa kawaida, mambo ni mepesi. Zoezi kali lifanye baada ya futari, si saa kumi alasiri ukiwa mkavu. Wiki ya kwanza fanya nusu ya unachodhani waweza. Kunywa maji kidogo kidogo baina ya Maghribi na daku, usiyabugie kwa mara moja. Protini igawe: mayai mawili yana gramu 12 hivi, gilasi mbili za maziwa gramu 16, kikombe cha maharagwe kama 15, kipande kizuri cha samaki 25 au zaidi. Ongeza chapati na mbaazi, na mtu wa kilo 60 au 70 yuko karibu sana na mahitaji yake, bila ya mkebe. Tende na uji humrudishia wanga uliotumika. Halafu lala. Hakuna mkebe ambao umewahi kuushinda usingizi, na usingizi ndio tunaouibia zaidi mwezi huu kwa kukesha maskani.

Anayehitaji unga kwa sababu maalum, kama hawezi kula vya kutosha au daktari amemshauri, na amehakikisha uhalali wake, hakuna wa kumlaumu. Ila anayenyima nyumba futari ili aninginize mkebe chumbani, huyo ajiulize anajenga msuli au anajenga jina.

Ndugu msomaji, tangu majivu ya Warumi hadi leo, waliouza dawa ya uchovu hawajakosa wateja hata siku moja, kwani uchungu humfanya mtu aamini haraka. Lakini waliokaa wakapima, tangu Ibn Sina hadi yule mwalimu wa Boston, walirudi kwenye mambo yale yale: pumzika, kula, nenda kwa kiasi, na uupe mwili muda. Mwili huu ni amana tuliyopewa, na umeumbwa na fundi wake ndani yake. Tusimzuie kufanya kazi.

Ramadhan Kareem, na Mwenyezi Mungu atutakabalie. Wabillahi tawfiq.